Paka mwenye kisukari: kwa nini sukari yake inayumba, na ufanye nini

Maswali haya ni ya watu ambao paka wao ameshapimwa, amekutwa na kisukari na ameanzishiwa insulini. Kuna jambo litakalojirudia mpaka ulichoke: sukari ikiyumba, dozi ndiyo iguswe mwisho. Anza na mashine ya kupimia, kisha sindano, kisha kichupa chenyewe, kisha bakuli la chakula. Mara nyingi kosa huonekana kabla hujafika kwenye dozi.

Namba zote hapa ni milimoli kwa lita (mmol/L). Mashine yako ikitoa mg/dL, gawanya kwa 18.

Sukari ya paka inatakiwa iwe ngapi?

Paka mzima hukaa kati ya 4 na 7. Paka aliye kwenye insulini usimlazimishie namba hizo saa zote, utamwangusha. Kinachotafutwa ni siku nzima isipande kupita 16 hivi, na pale inaposhuka chini kabisa iwe baina ya 4.5 na 8.

Hiyo 16 ina sababu. Figo za paka huirudisha sukari kwenye damu mpaka inapofika takriban 14 hadi 16. Ikizidi hapo inamwagika kwenye mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Ndipo unapoona mchanga wa choo umeganda mabonge makubwa na bakuli la maji linakauka kabla ya jioni. Paka anayeamka na 14 na kushuka hadi 7 mchana anaweza kuishi vizuri miaka mingi.

Nyumbani alikuwa na 11, kliniki wakapata 22. Nani kakosea?

Pengine hakuna. Paka akiingizwa kwenye kikapu, akapandishwa bodaboda au daladala, akakalishwa karibu na mbwa anayebweka, homoni za hofu hupandisha sukari ndani ya dakika chache. Hata paka asiye na kisukari anaweza kupita 15 kwa hofu tu. Kwa hiyo kipimo kimoja cha kliniki hakitoshi kupandishia dozi. Daktari akiwa na shaka anaweza kuagiza fruktosamini, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa wiki moja au mbili zilizopita na kisichotikiswa na hofu ya siku moja.

Mashine ya binadamu inafaa?

Inafaa, ukiijua tabia yake. Katika damu ya paka sukari imegawanyika tofauti kati ya majimaji ya damu na chembe nyekundu, na mashine nyingi za binadamu husoma chini kidogo ya ukweli. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya wanyama, kama AlphaTrak, lakini stripu zake ni ghali na upatikanaji wake huku ni wa kubahatisha. Chagua mashine moja na ubaki nayo. Anayepima leo kwa hii na kesho kwa ile hajui kama iliyoyumba ni sukari au ni mashine.

Kumbuka pia kwamba mashine nzuri ya binadamu inaruhusiwa kukosea asilimia 15 juu au chini. Ukisoma 10, ukweli waweza kuwa 8.5 au 11.5. Tofauti ya 12 jana na 13 leo si habari.

Stripu zikae kwenye kopo lake, kifuniko kimefungwa. Unyevu wa pwani huziharibu upesi.

Namtoaje damu bila vita?

Sehemu rahisi ni ukingo wa nje wa sikio. Tazama sikio dhidi ya mwanga utaona mshipa mwembamba unaofuata ukingo. Choma kati ya mshipa huo na ukingo wenyewe, usiulenge mshipa.

Sikio baridi halitoi damu, na hapo ndipo wengi hukwama. Tia mchele mkavu kwenye soksi safi, pasha moto kidogo, ijaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wako, kisha ishike kwenye sikio kwa nusu dakika. Pangusa ukingo kwa maji safi, ukaushe vizuri, kisha paka mafuta ya mgando, utando mwembamba tu, ili damu isimame kama tone badala ya kusambaa kwenye manyoya. Weka pamba iliyokunjwa nyuma ya sikio ili usijichome kidole, choma, gusa tone kwa ncha ya stripu, halafu bana sikio kwa sekunde kumi na tano. Spiriti iache: ikibaki hata kidogo inaharibu kipimo, na inamuwasha.

Osha mikono kwanza. Kidole kilichotoka kumenya embe kinaweza kukupa 20 ya uongo.

Bomba za U-40 na U-100 zina tofauti gani?

Hapa ndipo paka hufa kwa hesabu, kwa hiyo soma polepole.

Namba hiyo ni idadi ya uniti ndani ya mililita moja. Insulini nyingi za binadamu, ikiwemo glargini (insulini ya muda mrefu), ni U-100. Caninsulin na ProZinc, zilizotengenezwa kwa wanyama, ni U-40. Kila moja ina bomba lake, na mistari ya bomba imechorwa kwa insulini ya namba hiyo peke yake. Ukivuta insulini ya U-100 kwa bomba la U-40 mpaka mstari wa 1, umevuta uniti 2.5. Ukivuta ya U-40 kwa bomba la U-100 mpaka mstari wa 2, umevuta 0.8 tu, halafu utashangaa sukari haishuki. Kabla ya kulipa dukani, soma namba kwenye kichupa na kwenye pakiti ya bomba. Zifanane.

Kwa U-100, nunua bomba la mililita 0.3 lenye mistari ya nusu uniti. Uniti moja ya U-100 ni sehemu moja ya mia ya mililita. Tone moja la maji lingekuwa kama uniti tano. Kiputo kidogo cha hewa ndani ya bomba hakimdhuru paka, ila kimekaa mahali pa dawa. Vuta zaidi ya unayohitaji, gonga bomba kwa ukucha, sukuma hewa irudi kichupani, kisha shuka hadi kwenye mstari wako.

Dozi ya kuanzia huwa ngapi?

Daktari wa mifugo ndiye anayeipanga. Kwa kawaida ni kati ya uniti 0.25 na 0.5 kwa kilo, kila baada ya saa 12, na paka wengi huanzia uniti 1, wachache 2. Ukipewa karatasi inayosema zaidi ya 2 kwa siku ya kwanza, uliza kabla ya kuchoma.

Aina nayo ina uzito wake. Ile insulini ya binadamu ya mchanganyiko wa 30/70, inayopatikana kirahisi kwenye maduka ya dawa, humshusha paka kwa kishindo na kwisha mapema. Tungependelea glargini au protamini zinki (ndiyo ProZinc) pale zinapopatikana, hata kama daktari atalazimika kuagizia.

Nachoma wapi, na nikihisi manyoya yamelowa?

Ngozi ya kisogo ndiyo rahisi kushika, lakini damu haipiti humo kwa wingi, na ukichoma papo hapo kila siku panakuwa pagumu na dawa inanyonywa leo vizuri, kesho vibaya. Zunguka: ubavu wa kulia asubuhi, wa kushoto jioni, ukisogea kidogo kila mara, hadi karibu na nyonga. Inua ngozi iwe kama hema, ingiza sindano kwenye uvungu wake kwa mlalo, sukuma, hesabu hadi tatu, toa.

Kosa la kawaida ni sindano kutokea upande wa pili wa hema na dawa kumwagikia manyoya. Pitisha kidole: pamelowa, na pananukia kama dawa ya vidonda. Usirudie dozi. Hujui kiasi gani kimeingia. Andika kwenye daftari na usubiri saa 12 zipite, mpaka zamu ya sindano inayofuata. Sukari kuwa juu kwa nusu siku hakumuui paka aliye na hali nzuri. Dozi mbili zinaweza kumuua.

Ni vivyo hivyo pale nyumba ina watu wawili wanaochoma. Baba kachoma saa 12 asubuhi kabla ya kutoka, dada wa kazi naye kachoma saa 1 kwa sababu hakuambiwa. Bandika karatasi kwenye mlango wa friji: tarehe, saa, dozi, nani. Isiyoandikwa ihesabiwe imeshachomwa mpaka muulizane.

Umeme ukikatika, insulini inaharibika?

Si mara moja. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kikae kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kilichofunguliwa kinastahimili joto la chumba lisilozidi nyuzi 25 hadi 30 kwa wiki kadhaa, kama karatasi yake inavyoeleza. Shida ya Dar es Salaam au Mombasa ni kwamba chumba chenyewe kinapita 30 mchana. Friji ikizimika usiifungue-fungue. Umeme ukichelewa kurudi, weka kichupa ndani ya mfuko usiopitisha maji na ukitumbukize kwenye mtungi wa udongo wenye maji, kivulini. Udongo unaotoa jasho hupoza kweli. Barafu isikiguse: insulini ikiganda imekwisha, hata ikiyeyuka ikaonekana nzuri. Kwa sababu hiyo hiyo isikae karibu na kigandisho nyuma ya friji.

Andika tarehe ya kufungua juu ya kichupa. Glargini ni angavu kama maji. Ikiwa na ukungu au chembe, tupa. Haichanganywi wala haizimuliwi na kitu chochote. Caninsulin hutikiswa vizuri mpaka iwe nyeupe sawasawa kama maziwa. ProZinc huviringishwa taratibu. Ukikosea hapo, dozi moja inakuwa nyepesi na nyingine nzito, na sukari inayumba bila sababu unayoiona.

Sukari ikipanda ghafla baada ya wiki nzuri, na hakuna lingine lililobadilika, fungua kichupa kipya kabla ya kupandisha dozi.

Amezoea ugali na dagaa. Nimwachishe?

Ugali, wali na mkate, ndiyo. Dagaa wakavu wasio na chumvi, wachache, si tatizo; tatizo ni wanga unaofuatana nao. Punje kavu za dukani nazo hudanganya, kwa sababu pakiti haitaji wanga. Piga hesabu mwenyewe: toa kwenye 100 protini, mafuta, maji, majivu (yaani madini) na nyuzi. Kinachobaki ni wanga.

Chukua punje za protini 32, mafuta 12, maji 8, majivu 7.5, nyuzi 3. Wanga ni 37.5. Sasa zidisha protini na wanga kwa 3.5, mafuta kwa 8.5, ujue kila kimoja kinachangia nguvu kiasi gani: karibu asilimia 38 ya nguvu zote inatoka kwenye wanga. Kopo la protini 11, mafuta 6, maji 78, majivu 2, nyuzi 0.5 linabakiza wanga 2.5, yaani asilimia 9 ya nguvu. Kwa paka mwenye kisukari tafuta chini ya 12.

Ila usibadilishe chakula peke yako huku dozi ikibaki ile ile. Paka anayetoka kwenye punje na ugali kuingia kwenye kopo anaweza kuhitaji insulini ndogo zaidi ndani ya siku chache, na dozi iliyokuwa sawa Jumatatu ikamwangusha Ijumaa. Ongea na daktari kwanza, badilisha kidogo kidogo, pima kila siku.

Makopo yakikushinda bei, nyama ya kuku au samaki aliyeiva yafaa, lakini nyama tupu haina kalisi ya kutosha. Paka pia hawezi kuishi bila taurini (kirutubisho cha kwenye nyama), ambayo huyeyuka kwenye maji ya kuchemshia. Mchuzi huo mpe anywe, usimwage. Moyo wa kuku una taurini nyingi. Daktari akuandikie nyongeza za madini kama hicho ndicho kitakuwa chakula chake cha kila siku.

Siku ya kupima kila saa mbili inafanywaje, na naisomaje?

Pima kabla ya chakula na sindano ya asubuhi, kisha kila saa mbili mpaka sindano ya jioni. Mpe ratiba yake ya kawaida. Mfano, paka wa kwanza:

saa 1 asubuhi 18.2; saa 3, 14.1, saa 5, 8.8, saa 7 mchana 6.1, saa 9, 7.9, saa 11, 12.4, saa 1 jioni 17.0

Asiyejua hutazama ile 18 ya asubuhi na kuongeza dozi. Mwenye uzoefu hutazama 6.1: dawa inashusha inavyotakiwa, na nafasi iliyobaki chini yake ni ndogo. Dozi hii iachwe. Kama bado ana kiu na anakonda, tafuta insulini inayodumu zaidi au angalia bakuli.

Paka wa pili:

saa 1 asubuhi 20. Saa 3, 9. Saa 5, 4.4, saa 7 mchana 8, saa 9, 15, saa 11, 21

Huyu kaporomoka zaidi ya 15 ndani ya saa nne, na kufikia alasiri dawa imekwisha. Kumwongezea dozi ni kumsukuma shimoni. Anahitaji aina nyingine ya insulini.

Dozi ikibadilishwa, iwe kwa 0.25 au 0.5, mara chache uniti 1, na ikae siku 5 hadi 7 kabla ya kuguswa tena. Insulini za muda mrefu hazionyeshi sura yake kamili siku ya kwanza. Kumfukuzia paka namba za kila asubuhi, leo 2, kesho 3, keshokutwa 1.5, ndiyo njia ya uhakika ya kumfanya ayumbe.

Ni kweli sukari ikishuka sana usiku, asubuhi hupanda kwa kulipiza?

Mwili una njia hiyo: sukari ikianguka, ini humwaga akiba. Lakini kwa paka walio kwenye glargini haitokei mara nyingi kama ilivyokuwa ikisemwa. Usiamini wala kukataa kwa kukisia. Pima saa 5 na saa 8 usiku kwa siku moja.

Anayumba, miguu haimshiki. Nifanyeje?

Chini ya 3.5 ni hatari. Dalili ni njaa ya ghafla, kulegea, kutembea kama mlevi, kutetemeka, kukodoa macho bila kuona, kisha degedege. Akiwa na dalili usipoteze muda kutafuta stripu.

Kama anaweza kula, mpe chakula hapo hapo, hata kile cha wanga ulichomkataza. Kama hali, koroga kijiko kimoja cha chai cha unga wa glukosi kwenye maji kidogo, au tumia asali, na umpake kwenye fizi kidogo kidogo. Usimmiminie kooni, ataingiwa mapafuni. Akiwa na degedege usiingize kidole katikati ya meno. Mpake nje ya meno, ndani ya shavu. Soda isiyo na sukari haina msaada wowote.

Pima baada ya dakika 15, rudia kama bado. Akiinuka, mpe mlo kamili na usimwache, kwa sababu insulini iliyomwangusha bado inafanya kazi na anaweza kuanguka tena baada ya saa moja au mbili. Mpeleke kwa daktari hata kama anaonekana mzima, na sindano inayofuata isipigwe bila kuongea naye.

Asubuhi kagoma kula, au kapima 7. Nichome?

Kwa anayeanza: chini ya 11 kabla ya sindano, usichome, piga simu. Mwenye miezi ya vipimo mkononi anaweza kupewa mpaka mwingine na daktari wake. Amekula nusu tu na sukari iko juu? Wengi huelekezwa kutoa nusu ya dozi.

Kukosa kula kukiambatana na kutapika, kupumua haraka, au mdomo kunuka kama dawa ya kufutia rangi ya kucha ni jambo jingine kabisa. Hizo ni ketoni, sumu inayotokana na mwili kuchoma mafuta kwa kukosa insulini. Stripu za mkojo za binadamu huzionyesha. Hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Tumefika uniti 6 mara mbili kwa siku na bado iko juu.

Paka akihitaji zaidi ya uniti 1.5 kwa kilo kila sindano, kuna kitu kinaipinga insulini. Angalia mdomo kwanza: meno yaliyooza na fizi zenye usaha hupandisha sukari kuliko watu wanavyodhani. Halafu mkojo, kongosho, na tezi la shingoni kwa paka mzee. Uliza pia kama alichomwa dawa ya mzio au ya ngozi yenye steroidi. Steroidi za muda mrefu, na sindano za kuzuia mimba zenye projestojeni, zinaweza kumletea paka kisukari zenyewe.

Kisha kuna uvimbe wa tezi ndogo chini ya ubongo, unaomwaga homoni ya ukuaji. Uingereza, utafiti wa paka zaidi ya 1,200 wenye kisukari, uliochapishwa 2015, ulikadiria kwamba karibu robo yao walikuwa nao. Dalili inayomtofautisha: paka mwenye kisukari kibaya hukonda, huyu ananenepa, na pengine uso na nyayo vinapanuka.

Sensa za kubandika na dawa za kumeza je?

Sensa ya FreeStyle Libre hufanya kazi kwa paka. Imetengenezwa kwa siku 14, ila wengi huing'oa mapema. Nyoa manyoya vizuri na uongeze gundi ya ngozi. Inasoma majimaji ya chini ya ngozi, kwa hiyo iko nyuma ya damu kwa dakika kadhaa. Ikionyesha chini sana, thibitisha kwa sikio, isipokuwa ana dalili.

Dawa za kumeza za paka zilianza kuidhinishwa Marekani Desemba 2022: Bexacat, kidonge, kisha Senvelgo ya maji mwaka 2023. Humwaga sukari kwenye mkojo. Huko hazikuidhinishwa kwa paka aliyewahi kutumia insulini, na hatari yake ni ketoni kujaa huku sukari ikisoma vizuri kabisa.

Anaweza kupona?

Anaweza kufika mahali hahitaji sindano, hasa aliyeanza matibabu mapema, miezi sita ya mwanzo, akala wanga kidogo na kupunguza uzito polepole. Ishara yake ndiyo hiyo unayoiona kama kuyumba: dozi ile ile inaanza kumshusha hadi 4, wiki kwa wiki. Daktari hupunguza ngazi kwa ngazi mpaka nusu uniti, kisha hakuna. Baada ya hapo pima sikio mara moja kwa wiki, ukiangalia pia maji anayokunywa: yapime kwa jagi asubuhi, uone yaliyobaki asubuhi inayofuata. Na kila kliniki mpya utakayompeleka, waambie kabla hawajajaza bomba la steroidi kwamba huyu aliwahi kuwa na kisukari.